Mama Mkwe na Rangi ya Damu ya Mzee

Keki ya kwanza kwenda kombo ilikuwa ya sherehe ya kwaya ya kanisa letu hapa Bwera, mpakani. Mama mkwe wangu aliipamba peke yake asubuhi, mimi nikiwa nimeenda sokoni kutafuta mayai. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, anafuta mikono taratibu kama mtu aliyechoka. Keki ilikuwa imesimama mezani, ndefu, imezungukwa na maua meupe yaliyokaa vizuri kabisa. Lakini majani ya maua hayo hayakuwa ya kijani. Yalikuwa ya kahawia, kama majani ya mgomba yaliyokauka yakabaki yananing'inia shinani.

Nilidhani amefanya makusudi. Wanakwaya walipokuja kuichukua nao walidhani hivyo, na mmoja akasema huo lazima uwe mtindo mpya kutoka Kampala. Mama alicheka pamoja nao. Mimi nilikuwa nimeshaona mezani vichupa viwili vimeachwa wazi, cha kijani na cha nyekundu, na bakuli katikati yao. Kijani na nyekundu vikikutana huuana, vikazaa kahawia. Hilo ni somo la kwanza la kazi yetu, na aliyenifundisha ni yeye.

Mimi nilizaliwa Kasese. Baba yangu ni Mkenya aliyekuja kufanya kazi ya saruji, akasema atakaa kidogo, akazeekea hapa. Nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotuunganisha na majirani waliotoka kila upande. Nilipoolewa Bwera, mume wangu alikuwa dereva wa lori la kahawa, mtu anayelala barabarani zaidi kuliko kitandani, kwa hiyo ndoa yangu kwa siku nyingi ilikuwa mimi na mama yake. Alikuwa mjane. Ujana wake aliumalizia ng'ambo ya mpaka, jikoni kwa watawa, na huko ndiko alikojifunza kuoka. Keki aliiita gato, rangi aliziita kuleri, na mimi aliniita mutoto yangu tangu siku ya kwanza, hata kabla sijajua kama ananipenda.

Alinifundisha rangi kwa subira ambayo sikuwahi kuiona kwa mwalimu yeyote. Alisema siagi ina manjano yake ya kuzaliwa, kwa hiyo ukitia buluu kwenye krimu bila kufikiri utapata kijani cha bwawa. Kwanza uyatulize manjano hayo kwa zambarau kidogo, kiasi cha ncha ya kijiti cha meno. Nyeusi huanzia kwenye kakao, haianzii kwenye chupa. Zambarau usiiweke dirishani, jua litakula nyekundu iliyomo na bibi harusi atakuta buluu. Nyekundu yenyewe haikimbiliwi. Unaanza na waridi, unaifunika, unaiacha ikomae yenyewe hadi kesho yake. Mwenye haraka hujaza rangi mpaka krimu inakuwa chungu, uchungu wa kukaa nyuma ya ulimi. Na hukumu ya rangi yoyote hutolewa mlangoni, kwenye mwanga wa mchana. Taa ya umeme, alisema, ni shahidi wa uongo.

Jicho lake lilijulikana mpaka Katunguru. Wanawake walileta vipande vya vitambaa vya harusi, naye alikitazama kitambaa mara moja, akakitia mfukoni mwa aproni, akachanganya. Alipokitoa tena na kukiweka kando ya krimu, usingejua kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi.

Kwa hiyo yale majani ya kahawia yalinikaa moyoni.

Mwanzoni mwa mwaka ule alikuwa ameugua. Alikohoa kwa muda mrefu, akakonda, kisha akasema anaenda kupumzika kwa dada yake kule Maliba, kwenye hewa ya mlimani. Alikaa huko wiki kadhaa na hakutaka nimfuate. Nilipomtumia salamu kwamba nina mimba, alijibu kwamba amefurahi sana, na akaongeza siku za kukaa. Aliporudi alikuwa mwembamba lakini kikohozi kilikuwa kimekwisha. Kila asubuhi kabla ya uji alikuwa akimeza vidonge, akasema ni vya presha. Tena akaanza kwenda Kasese peke yake kununua rangi, wakati zamani tulikwenda wote wawili na kupita kwa baba yangu kunywa chai. Nilijiambia ni kwa sababu ya hali yangu, hataki nitikisike barabarani.

Siku moja nikifua nguo niliona leso yake, ile anayojifutia jasho na machozi ya moshi, imeingia madoa ya rangi ya chungwa. Niliinusa, haikunuka chochote. Nikafikiri ni rangi ya keki, ingawa sikukumbuka keki yoyote ya chungwa tuliyotengeneza mwezi ule. Niliisugua, nikaianika, wiki iliyofuata madoa yakawa yamerudi.

Baada ya keki ya kwaya akaanza kulaumu vichupa. Alisema wafanyabiashara wa siku hizi wanatia maji, kuleri haina nguvu. Niliona akitia nyekundu kwenye krimu iliyokuwa tayari imewaka kama bendera, akainua kijiko, akasema bado imepauka, akatia tena. Kisha akalaumu mwanga. Akaniambia nioshe vioo vya dirisha, nikaviosha. Akanunua balbu kubwa zaidi, yeye aliyekuwa akiiita taa shahidi wa uongo. Akahamisha meza mpaka mlangoni kabisa, na watu waliopita barabarani wakawa wanatusalimia huku wanatuona mpaka mikononi.

Nilimweleza mume wangu siku aliyopita nyumbani kubadilisha nguo. Alisema mama amezeeka, macho ya wazee ndivyo yalivyo, tutamnunulia miwani. Nikamwambia miwani haibadilishi kijani kuwa kahawia. Akasema nisimwaibishe mama yake, kisha akarudi kwenye lori. Simlaumu. Kwao mke wa mwana hamwambii mama mkwe kwamba amekosea, hata kama chungu kinaungua mbele yao wote wawili. Kwa hiyo nilikuwa nikisubiri ageuke, narekebisha rangi kimyakimya, na yeye akigeuka tena ananitazama usoni badala ya kutazama bakuli. Nilianza kuogopa macho yale. Yalikuwa yananiangalia mimi ili yajue rangi imekuwaje.

Kisha ikaja kazi ya harusi. Shangazi wa bibi harusi, mwanamke mkubwa mwenye duka la vitenge karibu na soko, alikuja na kipande cha kitambaa. Akasema wanataka keki ya ngazi tatu, maua ya rangi hii, na majani ya kijani kilichoiva. Mama alikipokea, akaenda nacho mlangoni, akakigeuza, akakigeuza tena. Aliendelea hivyo mpaka shangazi akaacha kuzungumza.

Mama akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii kuleri munaiitaka jina gani?"

Shangazi akasema ni damu ya mzee.

Mama akaitikia kwa kichwa, akakitia kitambaa mfukoni. Mimi nilikuwa nakanda unga wa chapati, mikono yangu ikasimama. Katika miaka yote sikuwahi kumsikia akiuliza jina la rangi. Wengine ndio waliokuwa wakimuuliza yeye.

Jumatano alianza krimu ya waridi ili ikomae. Vichupa nilikuwa nimevipanga mwenyewe, chekundu mwisho wa kulia, na niliona mkono wake ukihesabu kwa kugusa mpaka ukakifikia. Alhamisi mchana niliingia jikoni nikamkuta amesimama mezani, amenipa mgongo, bakuli zote ziko mbele yake bila vifuniko. Alikuwa anachovya kidole kidogo kwenye bakuli moja, anakitia mdomoni, anasubiri, kisha anahamia bakuli nyingine. Huyu ndiye aliyenipiga kofi mkononi mwaka wangu wa kwanza kwa kutia kidole kwenye krimu ya watu.

Nilirudi nyuma kimya, nikaingia tena kwa kishindo. Alikuwa ameshafuta kidole. Nikapaka siagi mikono yangu, nikaanza kupaka bati za kuokea, huku namvizia kama mtu anayetaka kuiba. Mezani zilikuwa bakuli mbili tu zenye rangi nzito: nyekundu ya maua na kijani ya majani. Sikuziona zimefanana hata kidogo. Zilikuwa kama damu na nyasi.

Nikasema, "Mama, nisaidie ile nyekundu, mikono yangu ina siagi."

Mkono wake ulikwenda kwenye kijani. Ukasimama hewani. Ukahamia kwenye nyekundu, ukasimama tena. Kisha, bila kujificha tena, akachovya kidole kwenye ile nyekundu, akakiweka ulimini, akakunja uso kwa uchungu wake.

"Hii," akasema, akanisogezea.

Nje pikipiki ilipita, mtu akaita mwenzake. Mwisho nikamwambia, "Mama, umeijua kwa kuonja."

"Ndiyo. Kwa kuonja."

"Tangu lini?"

Akavuta kiti akakaa. Alisema ilianza kidogo kidogo kabla ya sherehe ya kwaya. Asubuhi moja aliamka akakuta nyekundu imechoka, akadhani ni usingizi. Baadaye kijani ikaifuata. Sasa zote mbili zilikuwa kitu kimoja, kama vumbi la barabarani, na katikati ya kila alichokitazama palikuwa na moshi. Uso wangu alikuwa akiuona kwa pembe ya jicho tu. Akinitazama moja kwa moja, mimi nilipotea.

Nikamuuliza kama ni presha. Akatikisa kichwa. Akaeleza kwa sauti ya chini, mlango ukiwa wazi, kwamba hana presha. Alikuwa na kifua kikuu. Walimwambia Kasese, kwenye hospitali aliyoichagua kwa sababu hakuna mtu wa Bwera ambaye angemkuta huko kwenye foleni. Kule Maliba alikwenda ili asiniambukize. Daktari alikuwa amemwambia kwamba akimeza dawa vizuri wiki za mwanzo hataambukiza tena, naye akakaa kwa dada yake mpaka wiki hizo zikaisha, akaongeza nyingine juu yake alipopata habari ya mimba. Makohozi yake yalichelewa kuonekana safi kwenye vipimo, kwa hiyo dawa zote aliendelea kupewa kwa muda mrefu kuliko wengine. Safari za kununua rangi zilikuwa safari za kuchukua dawa. Na madoa ya leso yalikuwa ya dawa. Moja yao hugeuza jasho na machozi na mkojo kuwa chungwa.

Nilikuwa nimeweka mkono tumboni bila kujua. Aliona hilo, ingawa uso wangu hakuuona.

"Singerudi kwa nyumba yako na ugonjwa, mutoto yangu," akasema. "Ningekufia kule."

Nikamuuliza kama hospitali wanajua habari ya macho. Akasema hawajui. Akaongeza kwamba siku ya kwanza kabisa walimwonya: macho yakibadilika, rudi haraka. Alilikumbuka neno hilo vizuri. Kila alipokwenda walimuuliza kama kuna tatizo, naye akajibu hakuna.

"Niliogopa wataniondolea dawa," akasema. "Wataniondolea dawa, kifua kinarudi. Nikachagua kupumua."

Mtu aliyekaa akapima macho yake na mapafu yake kwenye mizani peke yake, miezi yote ile, huku akinifundisha kutengeneza maua ya waridi, utamwambia nini? Nilimuuliza tu kwa nini hakutuambia. Akaniuliza kama mimi si mtu wa hapa. Huu ni mji wa mpakani. Mara kwa mara tumenawishwa mikono njiani na kupimwa joto la paji la uso, na kila ugonjwa unaosikika ng'ambo unalala kwetu kwanza kama uvumi. Mtu akikohoa kwenye foleni ya maji, foleni inapanuka. "Nani atakula gato ya mukono ya mutu wa kifua?" akauliza.

Akasema tumalize harusi kwanza. Keki ilikuwa ya Jumamosi, na zamu yake ya dawa ilikuwa wiki iliyofuata. Angewaambia siku hiyo. Alisema hivyo kwa ule uthabiti ambao nyumba nzima iliuzoea, hata mume wangu, mtu mzima na mabega yake mapana.

Nikamwambia, "Mama, kesho asubuhi tunakwenda Kasese."

Sikuwahi kumwamrisha kabla ya siku ile. Alikaa ameinamisha kichwa, vidole vinapapasa pindo la aproni, na nilijua kwamba kama angekataa nisingeweza kumburuta. Akasema, "Basi tumalize kuleri leo."

Tukaimaliza pamoja. Nilibeba bakuli mpaka mlangoni, yeye akasimama kando yangu na kunihoji. Imeinama upande gani, wa chungwa au wa zambarau? Ukiipaka nyembamba kwenye sahani nyeupe, pembeni inabaki nini? Weka kitambaa juu yake, kipi kinazama? Nilimjibu, akaniambia nitie kahawia kiasi cha ncha, kisha zambarau nusu ya hiyo, nikoroge huku nikihesabu pumzi zangu, nitazame tena. Nilipomwambia kitambaa kimepotea ndani ya krimu, hakutabasamu. Alisema, "Sawa, funika."

Asubuhi tulipanda gari la mapema. Mawingu yalikuwa yameondoka, milima ilikuwa wazi mpaka juu, jambo lisilotokea kila siku. Tulipovuka uwanda wa mbuga abiria walioneshana nyati waliosimama karibu na barabara. Mama aligeuza kichwa upande ambao sauti zao zilitoka, akatazama kwa adabu. Nyati walikuwa upande wa pili. Baadaye kidogo aliniuliza kama milima imetoka leo, nikasema imetoka. Nilishika mkono wake mpaka tukafika.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye haraka. Nilipomaliza kueleza haraka yake ikaisha. Alitoa kabatini kitabu chenye kurasa za madoa ya rangi, madoa madogo ya kijani na mekundu yaliyopangwa ili jicho zima lione tarakimu ndani yake. Akakiweka mbele ya mama. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, na kwenye ukurasa ule wa kwanza niliona nane, kubwa, wazi, nyekundu.

Mama alitazama muda mrefu.

"Kuna kitu hapa?" akauliza.

Daktari akafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Kwa kila ukurasa mimi niliona tarakimu na mama aliona vumbi. Nilianza kutazama sakafu. Kisha daktari akamfunika mama jicho moja, akamwambia asome herufi za ukutani, akafunika la pili. La kushoto lilikuwa limeharibika zaidi. Akamtoa damu ya kupima figo, na majibu yalipokuja mchana aliyasoma mara mbili. Figo zake zilikuwa dhaifu, akatueleza, na moja kati ya dawa zile haikuwa ikitoka mwilini inavyopaswa. Ilikuwa inajikusanya na kuuma mshipa unaobeba kuona. Aliisimamisha saa ile ile, akaziacha nyingine, akasema kifua hakitarudi kwa sababu ya kuondoa hiyo moja.

Mama aliyasikia hayo ya kifua, akatulia kidogo. Kisha akauliza kama macho yatarudi.

"Mara nyingi yanarudi, mama," daktari akasema. "Si mara zote, na pengine si yote. Na yanaweza kuzidi kwanza kabla hayajatulia. Ukiona yanazidi, usifikiri nimekudanganya."

Akaniambia na mimi nipimwe kabla ya kuondoka. Nilikaa kwenye benchi la nje nikiwa na kikopo cha makohozi mkononi, nikimsikiliza mtoto tumboni, na ule mchana ulikuwa mrefu kuliko mimba yenyewe. Majibu yalikuja baada ya siku chache kwa simu. Sikuwa na ugonjwa. Mume wangu naye alipimwa aliporudi safari, akaonekana mzima. Usiku huo hakula, na hakuniambia tena habari ya miwani.

Keki niliipamba mimi peke yangu Ijumaa ile ile tuliporudi kutoka Kasese, na Jumamosi shangazi akaja na gari kuichukua. Alisimama mbele yake, akatoa kitambaa, akakiweka kwenye ua, akasema mkono wa mama haujawahi kukosea. Mama alikuwa chumbani amefunga mlango. Nilimshukuru kwa niaba yake.

Yakazidi, kama daktari alivyosema. Wiki baada ya wiki ule moshi wa katikati ulipanuka. Mama alianza kutembea na mkono ukutani. Aliunguza kiganja kwenye mlango wa tanuri aliyoifungua kwa miaka mingi bila kuitazama. Alijaza chai mpaka ikafurika kwenye sahani, akasikia inadondoka sakafuni, akaweka birika chini na kuondoka. Nilikuwa nikisikia akisali alfajiri kwa Lhukonzo, lugha ya kwao, maneno machache yale yale, na mimi nikiwa kitandani nilihesabu kwamba kila siku inayopita bila nafuu ni siku moja ya kumfanya daktari kuwa mwongo.

Na uvumi ukatufikia. Kuna mtu wa Bwera alikuwa Kasese siku ile, akauona mlango tuliotokea, ule wa wagonjwa wa kifua. Kwanza mwanamke aliyeagiza keki ya kipaimara alituma ujumbe kwamba sherehe imeahirishwa, ingawa tulisikia ngoma zake Jumapili. Kisha keki ya mahafali ikarudishwa ikiwa haijafunguliwa. Iliachwa barazani kwetu na mtu ambaye hakubisha hodi. Mama aliligusa boksi, akapapasa utepe, akajua kwamba haujafunguliwa. Akaniambia niwape kuku. Watoto wa jirani wakakatazwa kukata njia mbele ya mlango wetu. Kwa muda mrefu meza ile tuliyoisogeza mlangoni ilikaa tupu, na waliopita barabarani walijifunza kutazama upande wa pili.

Aliyelivunja jambo lile ni shangazi wa bibi harusi. Siku ya soko, barabara ikiwa imejaa, alikuja na mwavuli wake, akakaa barazani petu na kuomba chai. Nikamwambia kuna keki kidogo ya nyumbani tu. Akasema nilete hiyo hiyo. Aliila taratibu, mbele ya kila aliyepita, akizungumza na mama habari za bei ya vitenge. Alipomaliza akasema, kana kwamba anaendeleza habari ya vitenge, kwamba marehemu mumewe alimeza vidonge vile vile na kupona kifua, na akaishi mpaka ajali ilipomchukua. Hakukaa sana baada ya hapo. Watu hawakurudi siku hiyo wala kesho yake, lakini karibu na Krismasi mmoja alirudi, kisha wawili.

Kabla ya Krismasi hiyo, kipindi cha mvua, mtoto wangu wa kike alikuwa amezaliwa mzima. Mama alimpokea, akamgeuza kidogo pembeni ili amwone, akamtazama hivyo kwa muda mrefu.

Ilikuwa asubuhi moja mtoto akiwa ameanza kukaa, mama alikuwa anachambua maharage barazani, mchanganyiko wa mekundu na ya manjano yenye kijani tulioletewa kutoka Maliba. Nilipopita nikaona ungo umegawanyika. Upande mmoja mekundu, upande mwingine yale mengine. Hakuna aliyemwambia ayatenge. Nilisimama nikayakagua kama mtu anayeangalia nyoka. Kulikuwa na makosa, lakini machache.

"Nyekundu imerudi kidogo," akasema bila kuinua kichwa. "Iko kama mutu aliyetoka safari. Amechoka, lakini ni yeye."

Dawa za kifua alizimaliza, akapimwa, akaambiwa amepona. Jicho la kulia limerudi karibu lote. La kushoto halijarudi. Katikati yake pamebaki wingu, na daktari ameacha kutuambia tusubiri. Siku hizi nyekundu na kijani nachanganya mimi. Yeye hufanya keki nyeupe, na maua yake meupe bado hakuna anayeyaweza hapa Bwera. Wateja wetu ni wachache kuliko zamani, wanatosha.

Mimi nina desturi moja niliyoipata mwaka ule na siwezi kuiacha. Nikiamka, kabla ya kitu chochote, natafuta kitu chekundu chumbani na kitu cha kijani, nahakikisha viko mbalimbali. Mama naye ana yake. Alfajiri namwona mlangoni, amefunika jicho la kulia kwa kiganja, ameelekeza la kushoto barabarani. Anasimama hivyo kidogo, anateremsha mkono, anaingia kuwasha moto. Sijamuuliza anaona nini, naye hajaniambia.